Sababu gani simu inavuka mupaka wakati mwenyewe angali nyumbani

Kasindi, Bunagana, Mahagi ao Aru, wakaaji wanajua alama moja: saa ya simu inaruka yenyewe, inaenda mbele saa moja. Hakuna mutu aliyeigusa. Simu imeacha rezo ya Kongo, imekamata ya Uganda, na inafuata saa ya kule. Goma, Bukavu na Uvira alama hiyo haiko, sababu Rwanda na Burundi zina saa moja na Kivu. Hapo mutu anashituka tu wakati unité zimekwisha.

Wengi wanasema simu inafuata antene yenye nguvu zaidi. Si hivyo. Kila antene inatangaza bila kuacha ni ya nani: kwanza namba ya inchi (Kongo ni 630, Rwanda 635, Uganda 641, Burundi 642), kisha ya kampuni. SIM nayo inabeba namba ya kampuni yake. Simu ikiwa huru kuchagua, inatanguliza rezo ya SIM yake, hata kama ni zaifu. Nguvu inaangaliwa kisha, kati ya antene za kampuni ileile.

Basi inavuka saa ngapi? Wakati rezo ya nyumbani inapotea kabisa: antene imekosa mazout, kilima kimeziba, ao mutu ameingia ndani ya nyumba ya beton. Mawimbi hayasimami kwenye barrière. Goma na Gisenyi zinagusana, na kati ya Bukavu na Rusizi ni muto tu. Kama kampuni mbili zina mapatano, simu inapokelewa ngambo, na hesabu inakuwa ya romingi.

Ubaya ni kwamba hairudi mara moja. Inatafuta rezo yake kwa vipindi, na kipindi kinaweza kufika saa nzima. Kuizima na kuiwasha hakusaidii kila mara, sababu inaweza kuanza na rezo ya mwisho iliyokuwa nayo. Wakati huo WhatsApp inaendelea kushusha picha, na appel ya namba isiyo na +243 inaweza kukosa kupita.

Kwenye Paramètres, kufunga «itinérance des données» kunazuia mega peke yake. Appel zinabaki wazi. Kuondoa «automatique» kwenye uchaguzi wa rezo na kuweka kampuni ya Kongo kwa mukono kunafunga mulango wote. Kwa mutu anayelala karibu na mupaka bila kuvuka, hiyo ndiyo dawa nzuri. Lakini rezo yake ikikufa, atabaki bila rezo. Na mama muchuuzi anayevuka kila asubui na SIM ya Kongo akisahau kurudisha «automatique», hatapatikana ngambo.

Kwenye simu ya SIM mbili, kila SIM inachagua rezo yake yenyewe. Kazi hiyo inafanywa mara mbili.