Ibada Kabla ya Mapambazuko

Yapata mwaka 112 baada ya Kristo, liwali mmoja wa Kirumi, jina lake Pliny, alimwandikia Kaisari Trajan barua ya kuomba shauri. Alitawala Bithinia na Ponto, kando ya Bahari Nyeusi, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Wakristo waliletwa mbele yake. Aliowauliza mara tatu wakashikilia imani yao, aliamuru wauawe; hata hivyo hakujua hasa kosa lao ni nini. Ni huyu, adui yao, aliyetuachia mojawapo ya habari za kale kabisa za ibada yao.

Watu waliokwisha kuiacha imani hiyo walimwambia ya kuwa desturi yao ilikuwa kukutana siku maalumu kabla ya kucha, kumwimbia Kristo kwa kupokezana kama aimbiwavyo Mungu, na kula kiapo. Kiapo cha kutenda uovu? La, cha kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, wala kukana amana waliyowekewa. Kisha walitawanyika, wakakutana tena kula chakula, nacho cha kawaida tu. Saa hiyo ya alfajiri isitushangaze. Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, mpaka Kaisari Constantine alipoifanya siku ya mapumziko mwaka 321. Na yamkini mtumwa hakuwa na saa yake mwenyewe ila ile bwana wake alipokuwa usingizini.

Pliny hakuridhika. Aliwatesa wajakazi wawili, walioitwa mashemasi na wenzao, apate kujua lililofichwa. Hakuona kitu ila kile alichokiita ushirikina uliopita kiasi. Majina ya wanawake hao hakuyaandika. Kaisari alijibu kwamba Wakristo wasisakwe, lakini wakishitakiwa na kuthibitika, waadhibiwe. Jawabu la ajabu: kama ni wahalifu, mbona wasisakwe?

Kadiri ya miaka 40 baadaye, Justin, akiandika mjini Roma, aliieleza ibada ya Jumapili waziwazi: maandiko ya mitume na manabii yakisomwa kadiri wakati ulivyoruhusu, mahubiri, sala watu wakiwa wamesimama, mkate na divai, na wote wakiitikia Amina. Wasiofika walipelekewa sehemu yao na mashemasi. Wenye mali walitoa walichopenda, kikawekwa kwa msimamizi kwa ajili ya mayatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Justin mwenyewe aliuawa Roma yapata mwaka 165, kwa kukataa kuitolea miungu sadaka.