Kutoka Nzuguni Hadi Ihumwa kwa Mnyampala

Asubuhi stendi kuu ya Nzuguni, Dodoma, hujaa sauti za wapiga debe: Morogoro! Dar! Mimi nilikuwa na safari fupi tu, ya kuelekea Ihumwa, kijiji alikozaliwa mshairi Mathias Mnyampala mwaka 1917. Niliamua kwenda kwa miguu, nikiiacha lami kila nilipopata njia ya ng'ombe.

Huku ni Ugogo, nchi ya kupitwa na wasafiri tangu zamani. Misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa, kati ya Bagamoyo na Tabora, ililazimika kuvuka nyanda hizi kavu, na watemi wakaitoza hongo kabla haijapewa maji ya visima. Pamoja na shanga na vitambaa, misafara ile ilileta Kiswahili. Mgogo wa Ihumwa aliyelelewa kwa Cigogo alikuja kukimiliki kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa malenga wakubwa wa Tanzania.

Mnyampala alizaliwa katika miaka ya Mtunya, njaa ambayo Wagogo hawajaisahau. Majeshi ya Vita vya Kwanza vya Dunia yalikuwa yamechukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua zikagoma. Mtoto wa nyakati hizo akikua akasoma habari za Eliya na ukame, haambiwi hadithi ya mbali.

Mnyampala alikuwa Mkatoliki. Mwaka 1954 alichapisha kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1963 ukatoka Utenzi wa Enjili Takatifu, na mwaka 1965 Utenzi wa Zaburi, zote mbili kutoka kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Ndanda. Ngonjera zake, zilizoenea shuleni baada ya Azimio la Arusha, ndizo zinazokumbukwa zaidi. Mimi moyo wangu uko kwenye tenzi hizi mbili.

Tazama alichokichukua. Utenzi ni chombo cha Waislamu wa Pate na Lamu. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, unasimulia vita vya Waislamu na Kaisari wa Rumi. Bahari ile ile, vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya mwanzo vikifanana kina na cha nne kikibeba kina kimoja tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, Mnyampala aliitwika Injili. Hakuona aibu kuazima kwa jirani wa dini nyingine, na naamini alifanya jambo la heshima kubwa kwa pande zote mbili. Utenzi hughaniwa. Asiyejua kusoma huketi akasikiliza, na kina kinachorudi humsaidia kukumbuka. Maandiko yanatoka kwenye karatasi, yanaingia kifuani.

Na Zaburi! Mchungaji, fimbo, majani, maji, milima: ukizisoma ghorofani mjini unahitaji mwalimu wa kukueleza. Huku hazihitaji maelezo.

Karibu na Ihumwa nilishuka kwenye korongo. Mchanga ulikuwa mkavu, mweupe, wenye alama za kwato. Mvulana wa miaka kama kumi na miwili alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo, anachota kwa kibuyu na kumimina kwenye kijibwawa alichokifinyanga kwa udongo. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe walisubiri, na alimwita kila mmoja kwa jina lake; asiyeitwa hakusogea.

“Mbukwa,” nikamsalimu. Akaitika bila kuacha kuchota.

Nilikaa chini ya mbuyu, nikanong'ona: ng'ombe wanywa mchangani. Nikahesabu kwa vidole. Mizani nane kamili. Ng'ombe wa mwisho, ndama mwenye baka jeupe kwenye paji, alikuwa bado hajaitwa.