Kutoka Msafara hadi Utalii: Historia ya Neno Safari katika Hifadhi na Maziwa ya Afrika Mashariki



Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoenea duniani, huenda hakuna lililokwenda mbali kuliko neno safari lenyewe. Limeingia katika kamusi za Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa, na msomaji wa Ulaya anapoliona hukumbuka simba wa Serengeti, heroe wa Ziwa Nakuru au viboko wa Ziwa Manyara. Kwa Mswahili hali si hiyo. Mtu anayepanda basi kutoka Tanga kwenda Dodoma yumo safarini; anayekwenda mbugani kuwatazama wanyama, huyo anatalii. Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kuwa tofauti hii ya maana ina historia yake, na kwamba neno lilipovuka kwenda lugha za kigeni liliwaacha nyuma watu waliolibeba.

1. Safari ya miguu

Asili ya neno hili ni Kiarabu, lakini maana yake ya kihistoria ilikomaa katika njia za bara. Katika karne ya 19, misafara iliondoka Bagamoyo na miji mingine ya pwani, ikapitia Tabora hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Kirangozi alitangulia na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, wakafuata wakiwa na vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Waliporudi walibeba pembe za ndovu. Walikuwapo pia watumwa waliosukumwa kuelekea pwani, jambo ambalo historia ya neno hili haiwezi kulificha.

Watu hao ndio waliokuwa na elimu ya maziwa. Wamisionari Erhardt na Rebmann walipochora ramani ya bara, iliyochapishwa Ulaya mwaka 1856, walitegemea masimulizi ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu. Ramani hiyo ilionyesha ziwa moja kubwa mno mahali ambapo kwa kweli pana maziwa kadhaa, lakini ilitosha kuwavuta Burton na Speke waje kulitafuta. Walipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, walifika kwa njia ya misafara, wakiongozwa na watu wa misafara, akiwamo Sidi Mubarak Bombay. Mwaka huohuo Speke aliliona ziwa la kaskazini akaliita Viktoria, ilhali Waganda walikwisha kuliita Nalubaale na Wajaluo Nam Lolwe. Burton naye, katika maandishi aliyoyatoa baadaye, aliliacha neno safari kama lilivyo kwa maana ya msafara. Hapo ndipo neno lilipoanza kuvuka.

Ikumbukwe kuwa Waswahili wenyewe waliandika. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyo wa masimulizi ya wasafiri kadhaa. Mmoja wao, Selim bin Abakari, alieleza safari ya kwenda Ziwa Nyasa, na pia safari ya Urusi na Siberia aliyofuatana na bwana wake Mjerumani. Katika masimulizi hayo Mswahili ndiye anayetazama, na nchi za wengine ndizo zinazotazamwa.

2. Safari ya bunduki

Mwongo wa kwanza wa karne ya 20 ulibadili mambo. Reli ya Uganda ilikuwa imefika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na wawindaji matajiri wakaanza kushuka Mombasa. Aprili 1909 alifika Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani. Yeye na mwanawe Kermit waliua zaidi ya wanyama 500. Wapagazi walikuwapo bado, kambi ilikuwapo, hata neno lilibaki lilelile. Lakini maana yake katika Kiingereza ilikuwa sasa ni uwindaji wa mgeni. Mpagazi aligeuka kuwa sehemu ya mandhari.

3. Ardhi na majina yake

Uwindaji ulipoanza kudhibitiwa, yalitengwa maeneo ya wanyama. Mfano mzuri kwa mwanafunzi wa lugha ni pori la akiba lililoanzia enzi ya Wajerumani karibu na Mto Rufiji. Wenyeji waliliita Shamba la Bibi, na simulizi maarufu husema Kaisari alimzawadia mkewe. Iwe kweli au la, jina hilo ni tamko la kihistoria: linasema kuwa ardhi ilipewa mtu ambaye hakuwahi kuilima. Waingereza waliliita Selous, kwa jina la mwindaji aliyeuawa Beho Beho Januari 1917. Katika miaka ya 1940 wakazi wengi wa Liwale walihamishwa kwa hoja ya kukinga malale, na ardhi yao kubwa ikaingizwa porini. Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo leo wageni huzunguka kwa mashua katika Mto Rufiji na Ziwa Tagalala.

Hali kadhalika Serengeti. Jina lenyewe hutolewa katika Kimaasai na hufasiriwa kuwa nchi tambarare isiyo na mwisho. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Wamaasai walitakiwa kuishi na mifugo yao upande wa Ngorongoro. Tangu mwaka 2022 baadhi ya wakazi wa Ngorongoro nao wamehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, na mjadala kuhusu hiari na haki katika uhamisho huo haujatulia. Jina la Kimaasai limebaki hifadhini, ila waliolitoa wako nje.

4. Hitimisho

Sisemi kwamba hifadhi zisingeanzishwa. Zaidi ya nyumbu milioni moja wanaozunguka kila mwaka kati ya Serengeti na Maasai Mara wasingekuwapo bila ulinzi. Ninachosema ni kwamba Kiswahili kina vigezo vyake vya kupimia ulinzi huo. Kuhifadhi ni kulinda, lakini pia ni kuweka moyoni: anayeijua Kurani kwa moyo ameihifadhi. Vilevile, kutalii kwa maana yake ya zamani ni kudurusu na kuchunguza kwa makini. Kwa mantiki hiyo, hifadhi iliyowasahau wakazi wake imehifadhi nusu tu, na mgeni aliyeona tembo asijue kilima alichosimama kinaitwaje hajatalii.

Kazi iliyo mbele yenu, wanafunzi, ni ya dharura. Majina ya vilima, visima, vijito na makaburi yaliyomo ndani ya hifadhi zetu yamo vichwani mwa wazee wanaoishi nje ya mipaka yake, Liwale, Loliondo na kwingineko. Nendeni mkawasikilize, mkayaandike pamoja na maana zake, kisha myapeleke kwa watunga kamusi na kwa waongozaji wa watalii. Wazee hao hawatatungoja.