Maziwa katika lishe endelevu, mwambao wa Ziwa Victoria

Maziwa ni sehemu ya lishe ya wakazi wa Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori nchini Kenya, sambamba na ugali, samaki na mboga za kienyeji. Huwapa walaji protini, kalisi na vitamini B12. Waluo hupika mgagani, unaoitwa dek, kwa maziwa ndani ya chungu ili kupunguza uchungu. Mboga hupashwa na kuongezwa maziwa hata kwa siku kadhaa. Maziwa mengine hugandishwa vibuyuni au kusukwa yatoe siagi.

Ng'ombe wa kienyeji, zebu, hustahimili joto lakini hutoa maziwa machache, na wanyama wote wanaocheua hutoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia. Malisho bora huongeza maziwa, hivyo methani kwa kila lita hupungua. Njia moja ya kupata malisho hayo ni kilimo cha sukuma-vuta, ambacho taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE na washirika wake walikiendeleza huko Mbita, Homa Bay, kuanzia miaka ya 1990. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa kati ya mistari ya mahindi: hufukuza nondo wa funza wa mabua, hudhibiti gugu la kiduha na kurutubisha udongo. Nyasi za nepia zilizopandwa pembezoni huwavuta nondo hao. Mimea yote miwili hulishwa ng'ombe, na samadi hurudishwa shambani.