Dhahabu Ndiyo Mgeni

Mathe aliposikia nataka pete ya chuma, aliacha kuchambua sukuma akanikazia macho. "Chuma? Kwani wewe ni lango?"

Siku hiyo nilikuwa nimetoka Thika na mchumba wangu. Sonara alikuwa ametutajia bei ya pete yangu peke yake: 46,000. Hatukubishana. "Si mimi, ni dunia," alituambia, na hakudanganya. Mwaka 2025 aunsi moja ya dhahabu ilipita dola 3,000 mwezi Machi, na kufikia Oktoba ikapita 4,000. Mimi hulipwa kwa makala, tena pale mhariri anapokumbuka. Tukapanda matatu kurudi Witeithie bila kuongea sana.

Usiku nikaanza kusoma. Niliacha chuo, lakini vitabu vilikataa kuniacha.

Kitu cha kwanza nilichokutana nacho ni kwamba huku kwetu dhahabu ndiyo mgeni. Mwanamke wa Kikuyu aliyeolewa alijulikana kwa masikio: alivaa hang'i, pete kubwa za shanga zilizoning'inia chini ya tundu la sikio. Mmaasai aliyeolewa alivaa surutia, waya wa shaba uliosokotwa kama konokono. Hata lugha inakumbuka. Kwa Kikuyu, gĩcũhĩ ni pete ya kidole na ni pete ya sikio pia. Ndoa yenyewe ilifungwa kwa mbuzi, na mpaka leo ngurario ni mbuzi. Hakuna mzee atakayekuuliza kidole chako kina nini kama mbuzi hajachinjwa.

Chuma nacho hakikuwa kitu cha kudharauliwa. Mũturi, yaani mhunzi, aliosha mchanga mweusi wa mito, akauyeyusha kwa makaa na mivuo, akapata chuma cha majembe, mikuki na mapambo. Watu walimheshimu na kumwogopa, kwa sababu laana ya mhunzi ilikuwa haina mchezo.

Halafu zikaja misafara ya biashara kutoka pwani. Pamoja na nguo na shanga, wapagazi walibeba koili za waya mabegani. Waya mnene wa shaba uliitwa masango. Wa chuma uliitwa seng'enge. Joseph Thomson alipopita Umaasaini mwaka 1883, waya wa chuma ulikuwa mmoja wa mizigo aliyolazimika kubeba, kwa sababu bila huo hungepita wala hungekula. Neno seng'enge bado tunalo. Ile unayozungushia ploti yako ndogo hapa Witeithie, bibi za watu waliwahi kuizungusha mikononi na miguuni kama urembo.

Waingereza walipotandaza waya wa telegrafu katika nchi ya Wanandi, Wanandi waliukata tena na tena, na sehemu yake ikageuka mapambo. Wakoloni waliandika huo ni wizi. Mimi naona watu waliopitishiwa mali shambani mwao bila kuulizwa. Upinzani huo ulidumu karibu miaka kumi, hadi Koitalel arap Samoei alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905.

Pete ya kidole ilituingia sana kupitia misheni. Lakini hata kitabu cha ibada cha Waanglikana cha 1662 kinataka pete tu. Hakisemi ya madini gani. Na Wasabato wengi wa hapa kwetu hufunga ndoa bila pete kabisa, na ndoa zao hazijaanguka kwa sababu hiyo. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Dhahabu si sharti la yoyote kati ya hizo. Tukirudi nyuma zaidi, Pliny wa Roma aliandika, karibu miaka 2,000 iliyopita, kwamba bado wakati wake mchumba wa kike alipelekewa pete ya chuma, tena isiyo na kito.

Nikamsomea mathe haya yote. Alikuwa anasikiliza huku akikoroga ugali. Nikamkumbusha pia wale wapenzi wa Kasarani, Januari 2017, waliofunga ndoa na pete za chuma za shilingi 100, kanisani, wakiwa na jinzi. Kenya nzima iliwajua.

"Na baadaye wakafanyiwa harusi kubwa Valentine," akasema. "Hiyo hujaongeza."

Kweli, sikuwa nimeongeza.

Kuna hadithi nyingine nilikuwa nimeificha, kwa sababu haikunisaidia. Tarehe 18 Desemba 1935, Italia ikiwa vitani kuivamia Ethiopia, wanawake walipanga foleni Roma kutoa pete zao za ndoa za dhahabu ziyeyushwe kwa ajili ya vita. Malkia Elena alitangulia. Kila mmoja alirudi nyumbani na pete ya chuma. Dhahabu ya vidole vya wanawake ikasaidia kulipia vita dhidi ya majirani zetu. Miaka michache baadaye wanajeshi wa Italia waliletwa Kenya wakiwa mateka. Kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu, cha 1942, ni kazi ya mikono yao. Huwa najiuliza ni wangapi kati yao walikuwa na wake waliovaa chuma.

Mathe aliposikia hiyo, akazima jiko.

"Sasa umefika," akasema. "Hao wanawake walipewa chuma, na chuma hakiuziki."

Akavua pete yake akaiweka mezani. Nimeiona kidoleni mwake maisha yangu yote, au hivyo nilidhani. "Maitũ," akaniita, maana nimebeba jina la mamake, "hii nilinunua Thika kwa mtu wa kutembeza, shilingi mia mbili. Ya dhahabu niliuza ule mwaka uliitwa chuo. Ilikuwa karo ya muhula wa kwanza."

Nilitoka chuo mwaka wa pili. Sikuwa na la kusema.

Hapo ndipo nilielewa kwamba hatukuwa tunabishana juu ya urembo. Kwa mathe, dhahabu ilikuwa akiba pekee isiyohitaji sahihi ya mume. Ukiangalia hivyo, madini yote mbadala yana kasoro moja. Chuma cha pua hakishiki kutu na ni rahisi, lakini hakuna sonara atakayekinunua. Titani ni nyepesi, na kuanzia 2014 hadi mwisho wa 2024 tulikuwa tukichimba mchanga wake Kwale na kuupeleka ng'ambo, lakini pete yake ni ngumu kupanua kidole kikinenepa. Tungsteni haikwaruziki, lakini haipanuliwi kabisa, na ukiigonga vibaya inapasuka. Shaba huacha rangi ya kijani kwenye ngozi. Zote zinavalika vizuri. Hakuna hata moja inayolipa karo.

Wiki iliyopita nilirudi kwa mathe na jibu. Nitavaa chuma cha pua, kwa sababu sitaki kuanza ndoa na deni la pete. Lakini zile 46,000 hazitaliwa na hema wala keki. Tutazilipa pole pole, kila mwezi, kwenye SACCO.

"Kwa jina la nani?" akauliza.

"Langu."

Akavuta sufuria, akanimiminia chai. Witeithie kwa Kikuyu ni "jisaidie", na sijawahi kusikia mathe akilitaja jina la mtaa huu kama mzaha.

"Basi leta hicho chuma nikione," akasema.