Historia Iliyomo Katika Sahani Saba



Mwaka huu, kabla ya pilikapilika za Sikukuu ya Uhuru kuanza, sisi wauguzi wa chama tulichanga fedha, tukawachukua na vijana wetu wachache, tukaenda kula chakula cha jioni katika mgahawa mmoja wa kifahari jijini London. Mpishi alikuwa ameandaa menyu ya kuonja ya vyakula vya pwani ya Waswahili: sahani saba, kila moja ikiwa na matonge mawili matatu tu, pamoja na kadi ya maelezo. Bei ya mtu mmoja ilikaribia malipo ya zamu nzima ya usiku. Tulitaniana kwamba leo tunakula zamu.

Chakula kilikuwa kitamu, lazima tukiri. Supu ya pweza ilitunyamazisha wote. Lakini kadi zile zilisimulia bahari, majahazi, masultani na harufu ya viungo, na hazikumtaja mkulima hata mmoja. Vijana walipoanza kuuliza maswali, tukagundua kwamba nasi hatujawahi kuwasimulia. Makala haya ni majibu yetu.

Sahani ya pili ilikuwa wali na samaki wa kupaka. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipita pwani yetu mwaka 1331. Aliandika kwamba Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za kuloweka, tangawizi na maembe. Kutoka hapo aliendelea hadi Mombasa na Kilwa. Mkisikia mtu akisema kwamba ustaarabu uliletwa kwetu na meli za Wazungu, mkumbuke sinia lile. Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, miaka 167 baadaye.

Sahani ya tatu ilikuwa kipande kimoja cha muhogo kwa tui zito, kimewekwa katikati ya sahani nyeusi kama kito cha thamani. Kijana wetu mmoja alikitazama kwa muda mrefu. Alipokuwa shule ya msingi alimwomba mama yake asimfungashie tena muhogo, kwa sababu wenzake walimcheka. "Kumbe ningewauzia," alisema.

Muhogo una safari ndefu. Asili yake ni Amerika, sawa na mahindi, nyanya, pilipili kali, karanga na korosho. Mazao hayo yalifika Afrika kufuatia safari za Wareno. Hata neno meza tumelichukua kwao. Ugali ulipoletwa katika sahani ya nne, binti mmoja aliuliza, "Kwa hiyo hata ugali si wetu?" Tulimjibu kwamba ni wetu. Mbegu ilitoka mbali, lakini waliojifunza msimu wake, wakailima kwa jembe la mkono, wakaitwanga na kuisonga hadi ikawa chakula cha taifa zima, ni bibi na babu zetu. Chakula huwa cha watu kwa jasho lao.

Sahani ya tano ilikuwa nyama iliyopikwa kwa karafuu. Hapo ndipo kadi ilipotuumiza. Ilisifu visiwa vya marashi, ikaishia hapo. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Ilipandwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, akahimiza mashamba makubwa. Walioyafyeka, wakayapanda na kuyachuma walikuwa watumwa, wengi wao wametekwa bara na kufikishwa pwani kwa miguu. Mwaka 1872 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo tegemeo. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897.

Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Pemba, aliitoa karafuu moja kwenye mchuzi akaiweka ukingoni mwa sahani. Akasema bibi yake alikuwa akiwachapa watoto wakikanyaga karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi, kwa kuwa kila punje ilikuwa imepandiwa mti. Habari hiyo haikuwa kwenye kadi.

Baada ya embe la sahani ya sita, tulimalizia kwa kahawa na kashata za karanga. Nayo karanga ina kisa kinachotuhusu sisi wa Uingereza moja kwa moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi hii ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yakaletwa, mengine masalio ya vita. Lakini ardhi ya Kongwa ikikauka huwa ngumu kama sakafu, na mvua yake si ya kutegemea. Wagogo walilijua hilo miaka yote, ila ujuzi wao haukuingizwa kwenye hesabu. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Miaka kumi baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikajitawala. Kongwa ile ile ikaja kuwa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Namibia na Afrika Kusini.

Mwaka 1948, mradi huo ukiendelea, Uingereza ilianzisha huduma ya afya ya taifa, ambayo leo inatuajiri sisi tuliosomea shahada zetu huku. Mafuta ya karanga hayakufika. Tulifika sisi.

Hatumlaumu mpishi. Alipika vizuri, na aliandika alichokijua. Kazi ya kuandika mengine ni yetu, na wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Basi tunaomba jambo moja. Katika sherehe yetu ya Uhuru, kila familia iweke kadi kando ya chakula chake: jina lake kwa Kiswahili, zao lilikotoka, na jina la aliyewafundisha kukipika. Mzee aseme, mtoto aandike. Sisi tutaleta kashata, na kadi yake tumeshaiandika.

Uhuru na Kazi. Tunawatakia nyote heri ya Sikukuu ya Uhuru.