Chombo Kinapita Juu, Nani Anakipiga Picha?

Tarehe 9 mwezi wa kumi 2013, saa tatu na dakika 21 usiku kwa saa za Likasi, chombo cha Marekani kinachoitwa Juno kilipita juu ya bahari iliyo kusini mwa Afrika. Kilikuwa kilomita 559 tu kutoka chini. Mtu anayetoka Lubumbashi kwa gari hadi Kolwezi na kurudi anatembea zaidi ya hapo. Chombo hicho kilikuwa kimerushwa mwezi wa nane 2011 kuelekea sayari ya Mshtarii, ambayo wengi wanaiita Jupita. Sasa kitu kinachokwenda mbali namna hiyo kilikuwa kinatafuta nini tena nyumbani baada ya miaka miwili?

Kilirudi kutafuta mwendo. Roketi iliyokibeba haikuwa na nguvu ya kukifikisha Mshtarii moja kwa moja. Kwa hiyo wahandisi walikiacha kizunguke Jua, kisha wakakipitisha karibu na Dunia ili uvutano wa Dunia ukirushe mbele, kama mtoto anayekimbia, akashika nguzo kwa mkono mmoja na kugeuka kwa kasi. Juno ilitoka pale mwendo wake ukiwa umeongezeka kwa karibu kilomita nne kila sekunde. Mbinu hiyo haikuwa ngeni. Galileo iliitumia mwaka 1990 na 1992, Cassini mwaka 1999, Rosetta mara tatu: 2005, 2007 na 2009.

Kwa wapenzi wa nyota, usiku wa namna hiyo ni kama sikukuu. Hawa ni watu wasiolipwa na ofisi yoyote: walimu, mafundi, wazee waliostaafu, vijana wenye darubini uani. Chombo kinachokwenda kwenye sayari nyingine hakionekani tena kikishatoka karibu na Dunia. Saa chache kinapopita tena ndizo nafasi yao. Kinang'aa kwa sababu mabawa yake yanayokusanya mwanga wa Jua ni makubwa. Yale ya Rosetta, kutoka ncha hadi ncha, yalikuwa mita 32.

Kazi yenyewe si ya uchawi. Mtu anafunga kamera kwenye darubini inayofuata nyota, anaacha mlango wa kamera wazi kwa nusu dakika au zaidi. Nyota zinatoka kama nukta. Chombo, kwa kuwa kinatembea, kinatoka kama mstari mwembamba kati ya nyota hizo. Anaandika saa kamili ya kuanza na ya kumaliza, kisha anapima mstari ulipo ukilinganisha na nyota zinazojulikana. Picha ya mtu mmoja inaonyesha upande. Picha mbili za watu walio mbali wao kwa wao, zilizopigwa dakika ile ile, zinaweza kutoa hata umbali. Mwaka 2005 shirika la anga la Ulaya liliwaomba watu wa namna hii watume picha za Rosetta, likafanya shindano.

Kwa Juno, hata wenye redio waliitwa. Chuo kikuu cha Iowa kilikuwa na chombo cha kunasa mawimbi ndani ya Juno, na wapenzi wa redio wa dunia nzima waliombwa watume salamu kwa msimbo wa Morse: nukta nne, kisha nukta mbili, maana yake "hujambo" kwa Kiingereza. Walituma polepole sana, neno moja fupi likachukua dakika kumi. Zaidi ya watu 1,400 walishiriki, kutoka kila bara, hata Antaktika. Chombo kilisikia. Msikilizaji wa redio anajua uzito wa jambo hilo, maana kazi ngumu ya redio ni kujua kama huko mbali kuna anayesikia.

Desturi hii ilianza na Sputnik, ambayo Wasovieti waliirusha tarehe 4 mwezi wa kumi 1957. Wakati huo Likasi bado iliitwa Jadotville. Huko Marekani mtaalamu Fred Whipple alikuwa amekwisha kukusanya wajitoleaji wenye darubini ndogo katika nchi nyingi ili wasimame usiku na kuandika saa ambayo satelaiti inapita. Wataalamu walihitaji macho mengi, na hawakuwa na fedha za kuyalipa yote.

Baada ya hapo macho na masikio hayo yaliona mambo ambayo wakubwa hawakutaka yaonekane. Katika shule ya sekondari ya Kettering, Uingereza, mwalimu wa fizikia Geoffrey Perry na wanafunzi wake walikuwa wakisikiliza satelaiti za Kisovieti kwa redio. Mwaka 1966 waliona kwamba Cosmos 112, na baadaye Cosmos 129, hazikufuata njia za nyingine. Walipiga hesabu kurudi nyuma, wakapata kwamba zilirushwa kutoka mahali ambapo Moscow haikuwahi kupataja: Plesetsk, kaskazini mwa Urusi. Wanafunzi wa sekondari wakatangaza kituo cha siri cha dola kubwa. Serikali ya Kisovieti yenyewe ilikikubali mwaka 1983.

Na hapa Katanga? Kuna roketi zilizoruka kutoka ardhi hii hii, na watu wengi waliozaliwa baadaye hawajui.

Mwaka 1975 Mjerumani Lutz Kayser alianzisha kampuni iliyoitwa OTRAG. Alitaka kupeleka satelaiti angani kwa bei ndogo. Roketi yake ilikuwa mabomba membamba yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Ndani yake, mafuta ya aina ya mazutu na asidi ya naitriki. Vali za mafuta zilifunguliwa na mota ndogo kama zile zinazofuta kioo cha gari wakati wa mvua. Wengi walimcheka, ingawa mwenyekiti wake, Kurt Debus, alikuwa amewahi kuongoza kituo cha Marekani kilichorusha watu kwenda Mwezini.

Kampuni ilihitaji mahali pa kurushia, na Rais Mobutu akalitoa. Mkataba uliipa eneo la kilomita za mraba 100,000 kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, hadi mwaka 2000. Rwanda na Burundi ukiziunganisha hazifiki hata kilomita za mraba 60,000. Ardhi hiyo yenye vijiji, mito na makaburi ya watu ilikwenda kwa saini. Kituo kilijengwa kwenye uwanda wa juu wa Kapani Tono, juu ya mto Luvua.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 mwezi wa tano 1977, wakati vita vya kwanza vya Shaba havijaisha. Ya pili iliruka tarehe 20 mwezi wa tano 1978. Wazee wanaikumbuka wiki hiyo kwa jambo jingine kabisa: siku moja kabla, askari wa Kifaransa walikuwa wameruka kwa miavuli juu ya Kolwezi. Kusini ya Shaba watu walikuwa wanakimbia, kaskazini roketi inapanda. Ya tatu, tarehe 5 mwezi wa sita 1978, ilirushwa mbele ya Mobutu mwenyewe. Ilipanda kidogo, ikageuka, ikaanguka bondeni. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyofika kwenye njia ya kuzunguka Dunia.

Moscow ilisema hayo ni majaribio ya makombora ya vita. Kampuni ilikataa. Majirani wa Zaire walilalamika, na mwezi wa nne 1979 Mobutu aliifungia. Kayser na watu wake wakahamia Libya. Picha zilizobaki za roketi zile ni za kampuni na za wageni wake. Kettering walikuwa na redio, daftari na mwalimu. Kwenye Luvua eneo zima lilikuwa chini ya mkataba wa kampuni moja. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya historia ya Plesetsk iwe na mashahidi wa kawaida, na ya Kapani Tono ibaki mikononi mwa waliokuwa na faida nayo.

Hata penye uwazi, watu wa ofisi wanahitaji macho ya pembeni. Mwezi wa kumi na moja 2007, darubini za Catalina huko Arizona zilikamata kitu kinachokuja kasi kuelekea Dunia. Kilipewa jina la asteroidi, 2007 VN84, na hesabu zikaonyesha kingepita chini ya kilomita 6,000 kutoka juu ya ardhi. Habari ingeweza kutisha. Mtaalamu mmoja huko Moscow, Denis Denisenko, alilinganisha njia yake na ya Rosetta, akaona ni kitu kimoja. Asteroidi ikafutwa kwenye orodha. Mwaka 2002 mpenzi wa nyota Bill Yeung aligundua kitu ambacho baadaye kilitambuliwa kuwa kipande cha roketi ya Apollo 12, kilichobaki kinatangatanga tangu 1969.

Kwa familia zilizokimbia Mitwaba, Pweto na kwingine, taa isiyojulikana inayopita usiku si mchezo wa wenye darubini. Aliyewahi kukimbia usiku anaitazama kwa tumbo, kabla ya macho. Kwa hiyo inafaa kujua kutofautisha. Satelaiti inakwenda kimya, kwa mwendo ule ule, bila kuwaka na kuzima kama ndege, na inaonekana zaidi saa moja au mbili baada ya Jua kuzama, au alfajiri. Mara nyingi inafifia katikati ya anga kwa sababu imeingia kivuli cha Dunia. Kituo cha anga cha kimataifa, kilomita 400 hivi juu, kinazunguka Dunia kwa dakika 90 na kinang'aa kuliko nyota yoyote. Taa nyingi zilizopangana kama mabehewa ya treni ni satelaiti za Starlink zilizorushwa siku chache zilizopita. Lakini taa inayosimama, inayogeuka au yenye mlio si satelaiti.

Koni ina faida moja ambayo miji mikubwa haina. Umeme wa mitambo ya Koni na Mwadingusha unapita juu kwenye nyaya kwenda mbali, na ukitembea kidogo kutoka kwenye taa za mitambo, giza linakuwa kamili. Simu yenye kamera ya usiku, ikiegemezwa kwenye jiwe na kuachwa sekunde kumi bila kutikiswa, inatosha kupata mstari wa kituo cha anga. Aandike saa na upande aliokuwa anatazama.

Chombo cha Ulaya kinachoitwa Juice, nacho kinakwenda Mshtarii, kilipita karibu na Mwezi na Dunia mwezi wa nane 2024. Ratiba yake iliyotangazwa inakirudisha mwezi wa tisa 2026, na tena mwezi wa kwanza 2029. Kwa hicho simu haitoshi, darubini inahitajika.